Muuguzi saa 24 katika makao ya wazee: jinsi ya kuhesabu, kupanga zamu na kuulinda usiku

Kuandika "wauguzi saa 24" kwenye bango la getini ni kazi ya dakika chache. Kuyafanya maneno hayo yawe kweli saa tisa za usiku, Jumapili ya mvua ya Aprili, muuguzi mmoja akiwa likizo na mwenzake akiuguza mtoto, kunahitaji watu watano wenye leseni, ratiba isiyochezewa na pesa zilizowekwa kando mapema. Mwongozo huu ni wa wenye makao ya wazee Nairobi, mameneja na wauguzi wasimamizi. Nao watoto wanaomtafutia mzazi mahali pa kukaa watapata humu mambo ya kuuliza.

"Yupo" maana yake nini

Muuguzi yupo kazini yakitimia mambo manne, na likikosekana moja, hesabu kwamba hayupo. Kwanza, yuko ndani ya jengo, si nyumbani kwake Umoja na simu mkononi. Pili, yuko macho. Godoro likiwekwa kwenye chumba cha dawa, zamu ya usiku imegeuka kuwa malazi, na mzee anayesongwa na makohozi hapigi kelele za kumwamsha mtu. Tatu, leseni yake haijaisha muda. Nne, hana kazi nyingine inayomfunga. Muuguzi anayetegemewa kupika uji wa alfajiri na kufungulia magari geti amepunguziwa saa zake, hata kama jina lake limeandikwa kwenye ratiba.

Australia iliyaandika haya kuwa sheria. Baada ya uchunguzi wa Tume ya Kifalme uliomalizika 2021, tangu tarehe 1 Julai 2023 kila nyumba ya wazee inayofadhiliwa na serikali yao inatakiwa kuwa na muuguzi aliyesajiliwa ndani ya jengo, kazini, saa 24 kwa siku 7. Muuguzi akikosekana kwa nusu saa au zaidi, nyumba inaripoti pengo hilo. Juu ya hapo kuna kipimo cha dakika. Tangu 1 Oktoba 2024 wastani ni dakika 215 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, na 44 kati yake ziwe za muuguzi aliyesajiliwa. Kila nyumba hupangiwa dakika zake kulingana na hali ya wazee wake.

Sheria ya Australia haikufungi wewe uliye Kasarani au Karen. Faida yake ni kwamba inakupa mizani iliyokwisha kutumika. Kinachokufunga hapa ni Katiba ya 2010, ambayo kwenye Kifungu cha 57 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata huduma kutoka kwa familia na serikali, pamoja na Sheria ya Ajira ya 2007 na kanuni za mishahara, ambazo zinaweka mipaka ya saa unazoweza kumfanyisha mtu kazi. Ukivunja hizo za pili, ya kwanza huifikii, kwa sababu muuguzi aliyechoka hukosea dawa.

Anza na wazee wenyewe

Wengi huanza na idadi ya vitanda. Hiyo haitoshi. Chukua daftari, mpe kila mkazi ukurasa wake na ujibu mambo sita. Anaweza kujigeuza kitandani? Anameza vizuri, au chai humpalia? Anaenda chooni peke yake, kwa mtu mmoja au kwa watu wawili? Akili yake inakuwaje jua likizama? Ana kifaa mwilini, kama mrija wa mkojo, mrija wa chakula puani au mashine ya oksijeni? Na ana dawa gani ambayo ikikosewa mara moja tu inaweza kumuua, kwa mfano insulini, warfarini, mofini au digoksini?

Fanya kazi hiyo mara mbili kwa kila mtu, saa nne asubuhi na saa tatu usiku. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuwa mchangamfu asubuhi, akakutania na kukuuliza habari za watoto. Giza likiingia anaanza kutafuta njia ya kwenda kwa mamake aliyefariki miaka mingi iliyopita. Anayepimwa asubuhi pekee huonekana hahitaji mtu, kumbe saa zake ngumu ni za usiku. Rudia kipimo kila mwezi, na upime tena ndani ya saa 24 mkazi akirudi kutoka hospitalini. Mara nyingi anarudi akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka, na dawa zimebadilishwa.

Msimamo wetu ni huu: ukiwa na mkazi hata mmoja wa insulini, mrija wa mkojo, mrija wa puani, oksijeni, mofini au kidonda kirefu, muuguzi wa usiku ni lazima. Usipoweza kumweka, usimpokee mkazi huyo. Kumkatalia mtu mlangoni kunauma, lakini kumpokea bila muuguzi ni kumhatarisha.

Hesabu ya siku moja

Tuseme una wakazi 20. Ukitumia mizani ya Australia, dakika za muuguzi ni 20 × 44, yaani 880, sawa na saa 14 na dakika 40. Hiyo ni chini ya saa 24. Kwa hiyo kwenye nyumba ndogo dakika si kizuizi, na kinachoamua ni sharti la kuwa na muuguzi mmoja muda wote. Mambo hubadilika ukifika wakazi 33, kwa kuwa 33 × 44 ni dakika 1,452 na siku nzima ina 1,440 tu. Kuanzia hapo muuguzi mmoja kwa zamu hatoshi. Ukiwa na 40 unahitaji saa 29 na dakika 20. Zile 5 na dakika 20 za ziada ziweke asubuhi, kuanzia 07:00 hadi 12:20, wakati wa dawa, vidonda, sukari na presha.

Sasa jumla yote ya huduma. 20 × 215 ni dakika 4,300, karibu saa 72. Toa 24 za muuguzi, zinabaki kama 48 za wahudumu, ambazo ni zamu nne za saa 12. Kwenye karatasi zinagawanyika vizuri, watatu mchana na mmoja usiku.

Usiikubali hesabu hiyo ya usiku kabla ya kuwahesabu wanaogeuzwa. Mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila saa mbili. Kuifanya sawasawa ni watu wawili, mmoja kila upande wa kitanda, na shuka la kuinulia ili ngozi isiburutwe. Mnamgeuza, mnabadilisha nepi iliyolowa, mnamulika tochi kwenye visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio, kisha mnaweka mto katikati ya magoti. Hiyo ni dakika 10. Wakiwa wanane, ni dakika 80 katika kila 120, na watu wote wawili wa zamu wamo chumbani mikono imejaa. Kengele ya chumba cha mwisho ikilia, nani ataisikia? Kwa hiyo wanaogeuzwa wakizidi wanne, weka wahudumu wawili usiku pamoja na muuguzi. Kidonda cha kulalia huanza na wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Kikiachwa kikafika kwenye mfupa kinachukua miezi kupona, na kwa wazee wengine hakiponi kabisa.

Hesabu ya mwaka: kwa nini watano

Nafasi moja ya muuguzi mchana na usiku ni zamu 2 za saa 12 kwa siku, yaani 730 kwa mwaka. Wauguzi wanne wakigawana sawa kila mmoja anapata zamu 182 na nusu, na inaonekana wametosha. Makosa mengi huanzia hapo.

Hesabu siku ambazo kila mmoja hatakuwepo. Likizo ya mwaka kisheria haipungui siku 21 za kazi. Ongeza siku 10 za kufidia sikukuu alizofanya kazi, siku 7 za ugonjwa na 4 za mafunzo. Hizo ni 42 kwa mtu. Wakiwa wanne ni zamu 168 kwa mwaka zisizo na mwenyewe, zaidi ya tatu kila wiki. Muuguzi wa tano akifanya zamu 4 kwa wiki ana 208 kwa mwaka. Naye akitolewa zake 42, zinabaki 166. Pengo la 168 limezibwa karibu kikamilifu na mtu wa tano.

Mwenye wauguzi wanne ataziba zile zamu 168 kwa kuwarudisha kazini waliotoka jana. Mwenye watatu hana huduma ya saa 24, haidhuru bango linasemaje.

Watano nao hawakulindi dhidi ya likizo ya uzazi. Miezi mitatu ni kama zamu 45, na hizo zitafutie lokamu, yaani muuguzi wa muda wa kuziba nafasi. Kwa hiyo bajeti yako ni mishahara mitano, mchango wa mwajiri wa NSSF wa asilimia 6 hadi kikomo kilichowekwa, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa upande wa mwajiri, bima ya kuumia kazini, pamoja na malipo ya zamu 45 za lokamu yaliyo kwenye akaunti tofauti. Yakikaa kwenye akaunti ya chakula, yataliwa.

Ratiba inayoshika

Mzunguko unaofanya kazi vizuri kwa watu wanne ni wa siku nane: mchana mbili, usiku mbili, nyumbani nne. Kila muuguzi anaanza siku mbili baada ya mwenzake. Uchore kwenye karatasi ya mraba na utaona kwamba kila siku kuna mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, bila shimo wala watu wawili kugongana. Siku ya kwanza ya mapumziko ni ya kulala tu, kwa kuwa ametoka zamu asubuhi hiyo. Usimwite kikao.

Zamu ya mchana ni 07:00 hadi 19:30, ya usiku 19:00 hadi 07:30. Ile nusu saa ya kukutana ni ya ripoti na kuhesabu dawa, na inalipwa. Kwa mpango huu mtu anafanya wastani wa saa 44 kwa wiki, na yule wa tano saa 50. Kanuni za jumla za mishahara zinaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku sita, kwa hiyo una nafasi kidogo ya kupumua. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu.

Wa tano usimchukulie kama mtu wa akiba wa kuitwa tu pakiharibika. Zamu zake zote za kuziba likizo ziandikwe mwezi mmoja kabla, ajue maisha yake yanaendaje.

Fikiria pia barabara. Anayetoka Ruiru kuja Lavington kwa zamu ya saa moja asubuhi anaondoka kwake gizani, na jioni ya mvua ile safari ya kurudi inaweza kula saa mbili. Mzunguko wa siku nne nyumbani humfaa kuliko zamu fupi za kila siku. Zamu inayokabidhiwa saa nne usiku ikwepe kabisa, maana humtoa mtu barabarani saa mbaya.

Leseni, na vyeti vinavyofanana nayo

Nairobi kuna watu wengi wanaoitwa "nesi". Kuna mwenye diploma au digrii aliyesajiliwa, kuna mwenye cheti aliyeandikishwa, na kuna mhudumu aliyesoma kozi ya miezi michache ya kutunza wagonjwa. Wote wana kazi ya heshima kwenye makao, lakini huyo wa tatu si muuguzi, na kumvalisha sare nyeupe hakumfanyi awe.

Kabla ya kuajiri, tafuta jina lake kwenye orodha ya Baraza la Wauguzi la Kenya mtandaoni. Usitosheke na nakala ya leseni aliyokuletea. Linganisha majina na kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi, angalia ngazi yake na tarehe ya mwisho. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi na kengele siku 60 kabla. Leseni huhuishwa kwa alama za mafunzo endelevu, na mtu anayefanya kazi usiku huzikosa kwa urahisi. Mpe zile siku 4 za mafunzo, na kama unaweza, mlipie ada.

Kisha mfanyie jaribio la kazini. Mpe chati ya dawa yenye makosa mawili uliyoyaweka kwa makusudi, umwombe apange dawa za saa mbili usiku. Anayeyaona na kukataa kuendelea kabla hayajarekebishwa ndiye unayemtaka, hata kama alijibu maswali ya mahojiano kwa aibu. Zamu zake mbili za kwanza za usiku asiwe peke yake.

Usiku wenyewe

19:00 ni ripoti na kuhesabu dawa za kudhibitiwa. 19:30 muuguzi anapita kila kitanda kwa miguu yake, anamgusa kila mtu na kumsalimu. 20:00 ni dawa. Kuanzia 22:00 anazunguka kila saa mbili, na katikati anapita wale wasiotulia. Kati ya saa nane na saa kumi alfajiri mwili wa anayekesha huzama, kwa hiyo usimwekee hapo kazi ya kupanga dawa za wiki. Mwekee kazi za kutembea. Kuanzia 05:00 wazee wengi wanataka choo kwa pamoja, na hapo wahudumu wote wawe wodini, si jikoni.

Akianguka mtu, asiinuliwe haraka kwa huruma. Muuguzi anaangalia kwanza mguu uliokuwa mfupi kuliko mwenzake na uliogeukia nje, dalili ya nyonga iliyovunjika. Mwenye dalili hiyo anabaki alipo, akifunikwa blanketi, hadi ambalansi ifike. Akiwa amegonga kichwa, anapimwa fahamu, mboni za macho na presha kila nusu saa kwa saa mbili, kila saa kwa saa nne, halafu kila saa mbili. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda anaenda hospitalini hata kama anasema yuko sawa, maana damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) na mzee anaweza kumeza, anapewa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anapimwa tena baada ya dakika 15, kisha anakula kitu kizito kidogo. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni. Huyo ni wa dharura.

Kuna ishara moja inayopuuzwa sana. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri jana, leo usiku anachanganya maneno au amezubaa. Usimwachie uzee lawama. Kwa wazee homa kali inaweza isionekane kabisa, na maambukizi ya mkojo au ya mapafu yakajitokeza kwa kuchanganyikiwa peke yake. Muuguzi anapima joto, sukari, presha, mapigo na pumzi, anaandika, anampigia daktari usiku huo huo.

Stima ikipotea, mashine ya oksijeni inazima papo hapo. Weka mtungi kando ya kitanda, umefungwa mnyororo, ufunguo ukining'inia kwenye shingo ya mtungi. Mtungi wa lita 680 ukitoa lita 2 kwa dakika unadumu saa 5 na dakika 40. Kipimo cha shinikizo kisomwe na kuandikwa kila zamu, kwa sababu mtungi unaovuja hauonekani kwa macho.

Ripoti na dawa

Ripoti itolewe kando ya vitanda, si ofisini chai mkononi. Yenye maana husikika hivi: "Shosho wa chumba cha 4. Sukari 5.2 saa 20:00, insulini nimempa, amekula nusu tu ya chakula. Kisigino cha kushoto kina wekundu tangu saa 02:00, tumekiinua kwa mto. Mkojo mililita 300 usiku wote, una rangi nzito. Naomba apimwe mkojo leo na bintiye apigiwe." Ukisikia "wote wamelala salama", hujapewa ripoti.

Kuna hatari moja inayotukumba sisi tunaozungumza Kiswahili, na inastahili kukemewa. Chati ikiandikwa "saa 2", mmoja anaelewa saa mbili usiku na mwingine anasoma namba 2 ya saa ya kizungu, akampa mzee dawa saa nane mchana. Jioni anakuja wa kwanza na kumpa tena. Kwa insulini, hilo ni jeneza. Kila chati iandikwe kwa saa 24 na tarakimu nne: 08:00, 14:00, 20:00. Mdomoni semeni mnavyosema siku zote.

Mofini na jamaa zake ziwe kwenye kabati ndani ya kabati, kufuli mbili, daftari lenye kurasa zilizopewa namba. Kila dozi ina saini mbili, ya muuguzi na ya shahidi, na idadi iliyobaki. Funguo hupita mkono kwa mkono na hazilazwi kwenye droo. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na ukuta wa barafu, kwa kuwa ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Chupa iliyofunguliwa iandikwe tarehe na, isipokuwa maelezo ya mtengenezaji yaseme vingine, itupwe baada ya siku 28.

Anayepokea zamu asipofika

Hili litatokea. Bandikeni utaratibu wenye dakika ukutani.

19:00 hajafika: anayetoka haondoki wala haachi funguo kwa mhudumu. 19:10 msimamizi anampigia. 19:20 anaanza kupiga simu za lokamu, ambao wawe watatu, wameshafanya angalau zamu mbili ndani ya nyumba yako na leseni zao umezihakiki. Umpigiaye ambaye hajawahi kuwaona wazee wako anaanza usiku akiwa kipofu. 20:00 hakuna aliyekubali: msimamizi, ambaye naye ni muuguzi, anaanza safari mwenyewe. Aliyebaki asivuke 23:00, maana atakuwa amefikisha saa 16. Alipwe ziada kwa M-Pesa usiku huo huo, apelekwe nyumbani kwa teksi, na zamu ya kesho yake isogezwe. Ukimwambia "vumilia tu" bila hayo, mara ya tatu ataondoka moja kwa moja.

Siku za maandamano au mgomo wa matatu zinazojulikana mapema, muuguzi wa kesho alale kwenye makao usiku wa leo, chumba tofauti, kitanda chenye neti na shuka safi.

Andikeni kila pengo la nusu saa au zaidi kwenye daftari moja: lilianza lini, likaisha lini, kwa nini, na nani alisimamia. Mwisho wa mwezi lisomeni. Mapengo mawili yakiangukia siku ile ile ya wiki, tatizo liko kwenye ratiba na siyo kwa mtu.

Mkazi akipelekwa hospitalini usiku, muuguzi wa pekee haingii kwenye ambalansi. Anaenda mhudumu na bahasha iliyoandaliwa tangu mkazi alipopokelewa: karatasi moja ya magonjwa, dawa, mzio na saa ya dozi ya mwisho, nakala ya kitambulisho, namba ya SHA (bima ya afya ya serikali) na simu ya jamaa wa karibu, ambaye anaombwa kukutana nao huko. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na wahudumu wawili usiku. Namba ya ambalansi mliyokubaliana nayo na ile ya 1199 ya Msalaba Mwekundu ziandikwe juu ya simu, pamoja na maelezo ya njia ya kufika getini ambayo mgeni anaweza kuyasoma bila kufikiri.

Kwa mtoto anayemtafutia mzazi mahali

Ziara ya saa tano asubuhi huonyesha bustani. Omba kuja tena saa tatu usiku. Uliza jina la muuguzi aliye zamu na uombe kuonyeshwa ratiba ya mwezi. Hesabu majina ya wauguzi: ukikuta mawili au matatu, unajua hesabu yake tayari. Uliza nani atashika zamu ya Krismasi. Nenda kwenye kitanda cha mzee asiyejigeuza na uombe kuona karatasi ya kugeuzwa. Ikiwa alama za usiku uliopita, 22:00, 00:00, 02:00 na 04:00, zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na mkolezo mmoja, huenda zilijazwa kwa mkupuo asubuhi. Na ikiwa alama ya 06:00 ya kesho imeshajazwa wewe ukiwa umesimama pale saa tatu usiku, mpeleke mzazi wako kwingine.